Ngamia Huleta Kirusi, Hospitali Huzaa Mlipuko: Hotuba kuhusu MERS

Ndugu zangu wauguzi na matabibu, maafisa wa mifugo, akina mama wa maziwa, na ninyi viongozi wa vikundi vya hija na umra: assalaam aleikum, na hamjambo wote.

Juni 2012, mwanamume wa miaka 60 alilazwa katika hospitali ya binafsi mjini Jeddah, Saudi Arabia, akiwa na homa, kikohozi na pumzi za shida. Siku 11 baadaye alifariki, mapafu yameshindwa na figo zimeshindwa. Dkt. Ali Mohamed Zaki, mtaalamu wa virusi kutoka Misri aliyekuwa akifanya kazi hapo, aliyachunguza makohozi yake akakuta kirusi cha korona ambacho hakikuwa kimewahi kuonekana kwa binadamu. Alipeleka sampuli kwa wenzake wa kituo cha Erasmus mjini Rotterdam, Uholanzi, na mwezi Septemba akaitangazia dunia. Ugonjwa wa kirusi hicho ndio MERS, yaani ugonjwa wa mfumo wa hewa wa Mashariki ya Kati. Baadaye sampuli zilizokuwa zimehifadhiwa Jordan zilipimwa upya. Ikabainika kwamba kirusi hichohicho kilikuwa kimeshapita katika hospitali ya mji wa Zarqa mwezi Aprili mwaka huohuo, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo muuguzi.

Naomba mlishike hilo la Zarqa. Kundi la kwanza kabisa la wagonjwa wa MERS tunalolijua liliambukizana ndani ya hospitali. Tangu siku hiyo hadi leo, kila mlipuko mkubwa wa ugonjwa huu umefuata njia hiyo. Ngamia humwambukiza mtu mmoja, mtu huyo huingia katika jengo lenye wagonjwa wengine, na jengo ndilo linalofanya yaliyobaki. Ndiyo maana leo nitakaa zaidi kwenye meza ya mapokezi kuliko kwenye zizi, ingawa zizini pia tutafika.

Tuanze na kirusi chenyewe. Ili kiingie kwenye seli lazima kishike protini iitwayo DPP4. Kwa binadamu protini hiyo imejaa chini kabisa, kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na ni adimu puani na kooni. Kwa ngamia ni kinyume: iko puani. Ngamia aliyeambukizwa hutokwa na kamasi siku chache, pengine asionyeshe chochote, na huku anamwaga virusi kwa wingi kwa kila pumzi na kila chafya. Binadamu aliyeambukizwa hupata nimonia nzito, lakini siku za mwanzo kirusi kimejificha chini, hakitoki kwa urahisi. Ndiyo sababu mgonjwa wa MERS aliye nyumbani kwake kwa kawaida huambukiza watu wachache, au haambukizi yeyote. Hali inapozidi kuwa mbaya, virusi hupanda, kikohozi huongezeka, na kwa wakati huo mgonjwa ameshafika hospitalini. Pale anawekewa mashine ya kupumulia, anafyonzwa makohozi, anapewa dawa ya mvuke. Anakuwa na uwezo mkubwa wa kuambukiza akiwa katikati ya watu wasioweza kujikinga: wazee, wenye kisukari, wenye figo zilizochoka, waliotoka kufanyiwa upasuaji.

Tangu 2012 wameripotiwa wagonjwa zaidi ya 2,600 katika nchi 27, na zaidi ya wanane katika kila kumi ni wa Saudi Arabia. Kati ya walioripotiwa, takriban 36 katika kila 100 wamefariki. Kiwango hicho kinawahesabu hasa waliougua sana. Walioambukizwa bila dalili wengi hawamo. Hata hivyo, kwa mgonjwa anayefika kwenu akihema, hiyo ndiyo namba ya kukaa nayo kichwani. Hakuna chanjo ya MERS iliyoidhinishwa kwa binadamu na hakuna dawa iliyoidhinishwa mahususi kwa ajili yake.

Sasa twende Korea Kusini, maana pale mambo yaliandikwa saa kwa saa na kitanda kwa kitanda. Mei 2015 mfanyabiashara wa miaka 68 alirudi nyumbani kutoka nchi za Ghuba. Aliporudi tarehe 4 alikuwa mzima. Tarehe 11 akaanza kuumwa. Akaenda zahanati, akalazwa hospitali ya mji wa Pyeongtaek kuanzia tarehe 15 hadi 17, akahamia Seoul, na tarehe 20 ndipo alipothibitishwa kuwa na MERS. Siku tisa za kuumwa, vituo kadhaa vya afya, na kote huko akikohoa bila kutengwa.

Alipothibitishwa, wakubwa wa afya walianza kuwatafuta watu waliokuwa karibu naye. Walijiwekea kipimo: aliyekaa naye ndani ya mita 2 kwa saa nzima au zaidi ndiye anayefuatiliwa. Kipimo hicho kilikuwa chembamba mno. Waliokuwa vyumba vingine katika wodi ileile ya Pyeongtaek waliachwa. Mmoja wao, mwanamume wa miaka 35, ambaye kwenye orodha ya Korea anajulikana kama mgonjwa wa 14, alizidiwa, akapanda basi kwenda Seoul, akaingia chumba cha dharura cha hospitali kubwa na kukaa humo tangu tarehe 27 hadi 29 Mei. Chumba kilikuwa kimefurika. Ndugu wa wagonjwa walikuwa wameketi kando ya vitanda wakiwalisha na kuwageuza, kama ilivyo desturi ya huko na kama ilivyo desturi yetu. Mtu huyo mmoja aliwaambukiza watu 82 katika chumba hicho. Kati yao 33 walikuwa wagonjwa, 41 walikuwa ndugu na wageni, na 8 tu walikuwa watumishi wa afya.

Tazameni hesabu hiyo vizuri. Nusu ya walioambukizwa walikuwa wamekuja kumwangalia baba au mama yao. Sisi huwavisha barakoa wauguzi, tukaona kazi imekwisha, na mama aliyeketi sakafuni na chupa ya uji hana kitu.

Hadi mlipuko ulipozimwa mwezi Julai, wagonjwa walikuwa 186 pamoja na mmoja aliyegunduliwa China, waliofariki 38, na watu zaidi ya 16,000 walikuwa wamewekwa karantini. Yote kwa msafiri mmoja.

Miaka mitatu baadaye, Septemba 2018, msafiri mwingine alirudi Seoul kutoka Kuwait. Huyu alikuwa anaharisha na hakuwa na homa, kwa hiyo kipimajoto cha uwanja wa ndege hakikumkamata. Lakini alikwenda moja kwa moja hospitali ambayo ilikuwa imeshaarifiwa, na akapokelewa katika chumba cha kutengwa bila kupita kwenye foleni. Siku iliyofuata akathibitishwa kuwa na MERS. Hakuna hata mtu mmoja aliyeambukizwa naye. Nchi ni ileile na kirusi ni kilekile. Kilichobadilika ni dakika za kwanza mlangoni.

Kwa hiyo tusimame mlangoni. Meza ya mchujo iwekwe kabla ya dirisha la malipo na kabla ya benchi la kusubiri, pahala pa wazi penye upepo. Anayekaa hapo, hata akiwa mlinzi, afundishwe maswali matatu ya kumuuliza kila mwenye homa, kikohozi au shida ya kupumua. Katika siku 14 kabla ya kuanza kuumwa, ulikuwa nje ya nchi, na wapi? Kama ulikuwa Saudia, Falme za Kiarabu, Oman, Qatar, Kuwait, Bahrain, Jordan au Yemen, uliingia hospitali yoyote huko, kutibiwa au kumwona mgonjwa? Je, umekuwa karibu na ngamia, au umekunywa maziwa yake mabichi? Siku 14 zinatokana na kipindi cha kuatamia cha kirusi hiki, yaani muda tangu kuambukizwa hadi kuanza kuumwa, ambacho ni kati ya siku 2 na 14, na wengi huanza kuumwa karibu na siku ya tano.

Maswali haya hukwama kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni kuchelewa: anayeuliza ni daktari, na daktari anamwona mgonjwa baada ya saa tatu za benchi. Ya pili ni hofu. Binti aliyetoka kufanya kazi za ndani Riyadh akiona sura kali, atasema ametoka shambani. Mwulizeni kwa upole, faraghani, na mwelezeni kwamba swali ni la kumpatia kipimo sahihi. Ya tatu ni kusubiri homa. Mwenye kisukari, mwenye figo mbovu au anayetumia dawa za kushusha kinga anaweza kuja na tumbo la kuharisha au uchovu tu.

Akijibu ndiyo, mpeni barakoa ya kawaida ya hospitali palepale. Msimpe N95, ile barakoa nzito inayobana uso na kuchuja chembe ndogo; mtu anayehema kwa shida hawezi kuivumilia, ataishusha kidevuni. Kisha mpelekeni chumba cha peke yake kwa njia ya nje, bila kumpitisha katikati ya wodi, na ndugu mmoja tu amfuate, naye akiwa na barakoa. Dirisha la chumba hicho lifunguliwe kwa nje na mlango wa korido ufungwe. Hapa watu hukosea mara nyingi: wanafungua vyote viwili ili hewa ipite, na hewa inapita kweli, kutoka kwa mgonjwa kuelekea korido. Shirika la Afya Duniani linataka lita 160 za hewa kwa sekunde kwa kila mgonjwa katika chumba chenye upepo wa asili kinachofanyiwa taratibu za kurusha chembe hewani, na lita 60 katika wodi ya kawaida. Kama hamna kifaa cha kupima, chukueni kipande cha karatasi ya choo, kishikeni kwenye upenyo wa chini ya mlango, mtazame kinapepea kuelekea wapi. Kikipepea kuelekea korido, chumba hicho hakifai mpaka mbadilishe mpangilio wa madirisha au muweke feni inayosukuma hewa nje.

Chumba kikikosekana, vitanda viachane kwa angalau mita 1, na ikiwezekana zaidi, na wanaoshukiwa wasichanganywe na waliothibitishwa. Kipimajoto, mashine ya presha na stetoskopu vibaki humo humo.

Oksijeni isicheleweshwe kwa kuogopa maambukizi. Anzeni na lita 5 kwa dakika, mkielekea kiwango cha oksijeni cha asilimia 90 au zaidi kwa mtu mzima, na 92 hadi 95 kwa mjamzito. Kinachotakiwa kuogopwa ni ile nebulaiza, mashine ya dawa ya mvuke, ambayo kwetu imekuwa mazoea kwa kila anayekoroma kifuani. Inarusha chembe ndogo chumba kizima. Mwenye pumu mpeni pampu yake pamoja na chemba ya kupitishia dawa. Na kuna jambo jingine la mazoea. Baada ya UVIKO-19 mikono yetu imezoea kuandika deksamethasoni kwa kila nimonia inayohitaji oksijeni. Kwa wagonjwa wa MERS waliofuatiliwa Saudi Arabia, steroidi, yaani dawa za kundi la deksamethasoni, zilihusishwa na kirusi kuchelewa kutoka mwilini, na hazikupunguza vifo. Msizianze kwa mazoea. Ziwepo kwa sababu nyingine ya wazi.

Mavazi ya kinga kwa huduma ya kawaida ni gauni, glovu, barakoa ya hospitali na miwani ya kinga au ngao ya uso. Kwa kuingiza bomba la kupumulia, kufyonza makohozi, bronkoskopi (kutazama njia ya hewa kwa mrija wenye kamera), au kuminya mfuko wa kupumulia kabla ya bomba kuingia, barakoa iwe N95 au FFP2 ya namna hiyohiyo, na iwe imekaa vizuri usoni. Ivae, ifunike kwa viganja viwili, pumua nje kwa nguvu. Ukisikia hewa ikipuliza machoni, bati la puani halijabanwa. Ndevu nyingi huiondolea kazi hata iwe mpya.

Watumishi wengi hujiambukiza wakivua. Vua glovu na gauni kwanza, ukivikunja ndani nje ili uchafu ubaki ndani. Safisha mikono. Vua miwani kwa kushika mikono yake ya nyuma. Toka chumbani, funga mlango, ndipo uvue N95 kwa kushika mikanda, wa chini kisha wa juu, bila kugusa sehemu ya mbele. Safisha mikono tena: sekunde 20 hadi 30 kwa kitakasa chenye kileo, sekunde 40 hadi 60 kwa maji na sabuni. Muuguzi aliyechoka saa kumi alfajiri huanza na barakoa, kwa sababu ndiyo inayomsumbua. Bandikeni picha ya mpangilio ukutani pale anapovulia, na mtu wa pili asimame amtazame.

Jiki inayouzwa madukani mara nyingi ina klorini ya asilimia 3.5, someni chupa. Kwa kufuta meza, vitanda na vitasa tunataka asilimia 0.1: sehemu 1 ya jiki kwa sehemu 34 za maji. Katika ndoo ya lita 20, ni mililita 570 za jiki, halafu maji mpaka lita 20 zitimie. Penye damu au matapishi tunataka asilimia 0.5: sehemu 1 kwa sehemu 6 za maji. Mkitumia unga wa klorini wa asilimia 70, ni gramu 7 kwa lita kwa ule mkali na gramu 1.4 kwa lita kwa ule wa kawaida. Uchafu uoshwe kwanza kwa maji na sabuni, maana klorini ikikutana na makohozi huishia humo. Iachwe juu ya meza dakika 10. Mchanganyiko wa jana umepoteza nguvu, na ulioachwa juani haukungoja hata jana. Maji ya moto hayatakiwi, na jiki isichanganywe na dawa nyingine ya kusafishia, hasa yenye asidi au amonia, kwa sababu hutoa gesi inayochoma mapafu. Juu ya plastiki na chuma, katika chumba chenye baridi na ukavu wa kiyoyozi, kirusi hiki kimeonekana kikiishi hadi saa 48. Katika joto la nyuzi 30 lenye unyevu mwingi kilidumu kama saa 8. Kwa hiyo wodi yenye kiyoyozi ndiyo ya kufutwa mara nyingi zaidi.

Sampuli. Kumbukeni kirusi kiko chini. Makohozi yaliyotoka kifuani, au yaliyofyonzwa kutoka kwenye bomba la mgonjwa, ndiyo sampuli bora. Mkipata ya puani na kooni tu, tumieni vijiti vya sintetiki. Vya mbao na pamba huzuia kipimo cha PCR, kile kinachotafuta jeni za kirusi. Kijiti cha puani na cha kooni huingia katika chupa moja ya kimiminika cha kusafirishia. Jibu hasi la puani haliwezi kumtoa mgonjwa mwenye nimonia kwenye kutengwa; rudieni kwa sampuli ya kifuani. Na kipimo cha UVIKO-19 hakioni MERS. Mgonjwa aliyetoka Ghuba akiwa na nimonia, jibu lake la UVIKO-19 likiwa hasi, hajapimwa MERS hata kidogo mpaka maabara iombwe kwa jina. Sampuli ifungwe katika tabaka tatu, isafirishwe kwenye nyuzi 2 hadi 8 na ifike ndani ya saa 72. Ikikosa kufika kwa muda huo, igandishwe kwenye nyuzi 70 chini ya sifuri. Friza ya kuhifadhia barafu haitoshi, na kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara huharibu. Maabara hutafuta kwanza sehemu ya jeni iitwayo upE, kisha huthibitisha kwa sehemu ya pili, kama ORF1a. Shaka ya MERS inaripotiwa kwa mganga mkuu wa eneo siku hiyohiyo. Nchi nayo, ikishalitathmini tukio, ina saa 24 za kuliarifu Shirika la Afya Duniani.

Akithibitishwa, orodha ya waliokuwa karibu naye iandikwe kwa somo la Pyeongtaek. Aingie kila aliyekuwa wodi moja, chumba kimoja cha kusubiri, gari moja la wagonjwa, na nyumba moja. Aingie msafishaji, aingie aliyeleta chakula, aingie mgonjwa wa kitanda cha pili aliyeruhusiwa jana. Wafuatiliwe siku 14 tangu mara ya mwisho walipokaribiana, joto lipimwe asubuhi na jioni. Hakuna kuhamishiwa hospitali nyingine bila hospitali hiyo kuambiwa kwanza, kwa simu, na aliyepokea aandikwe jina.

Nisimame kidogo kwa wenzetu wa vitengo vya kusafisha damu. Aprili na Mei 2013, huko Al-Hasa mashariki mwa Saudi Arabia, wagonjwa 23 walithibitishwa, na 21 kati yao walipata kirusi kwa mtu mwingine, wengi katika vitengo vya kusafisha damu, vyumba vya wagonjwa mahututi na wodi. Fikirini kitengo chenu: watu walewale, mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, vitanda vimebanana, na kila mmoja ana mwili usio na nguvu ya kupigana. Mgonjwa wa figo mwenye homa au kikohozi apige simu kabla ya kutoka nyumbani. Awekwe zamu ya mwisho ya siku, chumba cha pembeni, na mashine yake isafishwe kabla ya zamu ya asubuhi. Kumrudisha nyumbani bila kusafishwa damu hakukubaliki. Atakufa kwa potasiamu iliyojaa katika damu kabla hamjapata majibu. Jeddah nayo, mwaka 2014, ilikuwa na wagonjwa 255 ndani ya miezi michache. Wenye dalili wasio watumishi wa afya, wale ambao taarifa zao zilipatikana, zaidi ya tisa katika kila kumi walikuwa wameingia kituo cha afya au wamekaribiana na mgonjwa kabla ya kuugua.

Sasa zizini. Kenya ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 katika sensa ya 2019, na Pembe ya Afrika kwa ujumla ndiyo yenye ngamia wengi kuliko eneo lolote duniani. Makundi makubwa husafirishwa kwa meli kwenda Bara Arabu. Damu ya ngamia wa Sudan na Somalia iliyohifadhiwa tangu 1983 ilipopimwa, ilikutwa na kingamwili za kirusi hiki. Kwa hiyo kimeishi katika mifugo yetu miongo mingi kabla ya Jeddah, na bado hapa kwetu hakujaripotiwa mlipuko wa MERS kwa watu. Huko Garissa na Tana River, katika damu za watu 1,122, ni mbili tu zilizokutwa na kingamwili. Marsabit, kati ya 2018 na 2020, ngamia wengi walipatikana na kirusi, na wachungaji watatu walikutwa nacho puani bila kuumwa.

Sehemu ya sababu inajulikana: aina ya kirusi inayozunguka kwa ngamia wa Afrika huzaliana kwa udhaifu zaidi katika seli za mapafu ya binadamu kuliko ile ya Arabuni. Sehemu nyingine, kwa maoni yangu, ni kwamba hatupimi. Nimonia ya mzee wa Wajir huandikwa nimonia, na faili hufungwa. Na hata aina dhaifu ikipewa wodi iliyofurika na wagonjwa wa figo, sitaki tujaribu bahati yetu.

Wachungaji, kirusi kinamwagwa zaidi na ndama na ngamia wachanga walio chini ya miaka miwili, hasa baada ya kinga ya maziwa ya mama kwisha. Wenye kisukari, wenye figo mbovu na wazee wasiwe wao wa kushika pua za ndama, kuwalisha kwa mkono au kulala nao zizi moja. Machinjioni, anayepasua kichwa na koo avae barakoa na miwani, na nguo za kazi zisiende nyumbani. Wanyama wapya watengwe na kundi kwa wiki mbili. Mkojo wa ngamia usinywewe kwa dawa.

Akina mama wa maziwa, najua mitungi ya plastiki inayotoka Isiolo usiku kwenda Eastleigh, na najua mteja anavyosema maziwa yaliyochemshwa yamekufa. Kirusi kimepatikana kwenye maziwa, na katika maziwa mabichi yaliyowekwa kwenye friji hubaki hai kwa siku kadhaa. Nyuzi 63 kwa dakika 30 zilitosha kukiua. Asiye na kipimajoto achemshe mpaka maziwa yapande. Moto huohuo unaua na bruselosi, ambayo huko kwetu inawaumiza watu wengi kila mwaka. Maziwa yakishachemshwa yaingie kwenye chombo kilichooshwa; yakirudishwa kwenye mtungi uleule wa maziwa mabichi, kazi ya moto imepotea.

Ninyi viongozi wa misafara: hija haijawahi kuzaa mlipuko wa MERS, na hilo ni jema. Lakini mahujaji wetu wengi ni wazee wenye sukari na presha, ndio hasa kirusi hiki kinaowaua. Ziara ya shamba la ngamia iondolewe kwenye ratiba. Anayekwenda kutibiwa kikohozi au kusafishwa damu huko, aandikiwe hospitali na tarehe. Kila anayerudi apewe kadi ndogo yenye tarehe ya kushuka ndege, tarehe ya siku ya 14, na namba ya afisa wa afya wa kaunti au wilaya. Kiongozi ampigie kila mmoja siku ya saba na siku ya 14. Akiwa na homa au anahema, asipande daladala wala matatu; avae barakoa, apige namba ile, na hospitali ijue anakuja kabla hajafika.

Wenzetu wa maabara na wa mifugo wameketi hapa mbele kwa ajili ya maswali. Tuanze na walio katika vitengo vya kusafisha damu.